Sura ya Tano: Idadi ya Mashina na Tabia ya Mbegu

Mkulima wa mahindi katika tambarare zilizo chini ya Milima ya Uluguru aghalabu hufundishwa kuacha sentimita 75 baina ya mstari na mstari na sentimita 30 baina ya shina na shina, nafasi ambayo, ikiwa kila shimo limeotesha mche mmoja na panya hawakufukua mbegu, huipa hekta mashina 44,444. Naye akitaka kujipunguzia mashimo hutia punje mbili mbili kila sentimita 60, na hesabu isibadilike. Hesabu hiyo ni njema, walakini si sheria inayozifunga mbegu zote.

Akibana mashina mpaka sentimita 25, hekta hubeba 53,333. Tuseme katika nafasi ya kwanza kila shina lilitoa gramu 120 za punje, yaani kilo 5,333 kwa hekta: baada ya kubana, shina likishuka hadi gramu 110 mkulima amefaidi, kwani atavuna zaidi ya kilo 5,860, likishuka hadi gramu 90 amepata kilo 4,800 tu, na gharama ya mbegu ya ziada imekwenda bure.

Kinachoamua ni tabia ya chotara yenyewe inaposongwa. Mbelewele hutoa chavua kwa wakati wake hata katika dhiki ya mwanga, maji na naitrojeni, ilhali ndevu za gunzi huchelewa. Nazo zikichomoza chavua imekwisha kupeperuka, punje hazifungi. Menya gunzi la muhindi uliosongwa, utaona ncha tupu, na pengine bua zima limesimama bila gunzi. Huko Marekani mashina yameongezeka tangu miaka ya 1930 kutoka kiasi cha 30,000 kwa hekta hadi kupita 80,000, wala si kwa kuwa shina moja lililo peke yake limekuwa hodari mno, bali kwa sababu chotara za leo hustahimili jirani. Chotara H614 ya Kitale, ndefu na ya kuchelewa kukomaa, iliyozoea nyanda za juu, haina subira hiyo: ikibanwa hurefuka, na upepo huiangusha.

Tena mvua ina neno lake. Miteremko ya mashariki ya Uluguru, kama Kinole na Matombo, hupokea pepo za Bahari ya Hindi na kunyeshewa kuliko ya magharibi. Na ukame ukiingia wakati wa kutoa ndevu, shamba lililobanwa ndilo huumia kwanza.

Kwa hiyo, msomaji, wakati wa mavuno pima mita 10 za mstari uliopanda kwa sentimita 30, ambamo hutarajiwa mashina 33, uhesabu yasiyo na gunzi. Yakiwa mengi, na mbolea ilitosha, msimu ujao panua nafasi au badili mbegu.