Vifaa vitatu vya bei nafuu vya kutengenezea gari nyumbani, na fizikia yake

Mwaka jana kigari changu kilianza tabia ya kugoma asubuhi. Unageuza ufunguo, taa za dashibodi zinafifia, stata inalia "tak", basi. Fundi wa jirani akaja, akasikiliza mara moja tu, akasema, "Betri imekufa hiyo, dada. Nunua nyingine." Bei ya betri mpya ilikuwa karibu nusu ya posho yangu ya mwezi. Kabla ya kulipa nikaazima mita ya umeme kwa rafiki yangu wa maabara. Ndani ya nusu saa gari likawaka, kwa betri ileile.

Tangu hapo nimekuwa nikinunua vifaa kimoja kimoja pale Gerezani, Kariakoo. Ukiuliza, wengi watakwambia uanze na seti kubwa ya spana. Spana utazihitaji, sikatai. Lakini vifaa vilivyonisaidia zaidi ni vitatu: kimoja kinapima umeme, cha pili kinapima ukazaji wa nati, cha tatu kinabeba uzito. Tuone kila kimoja kinafanyaje kazi, maana ukielewa fizikia yake huuziwi betri usiyoihitaji.

1. Mita ya umeme

Ile ya kidijiti ya bei ya chini kabisa inatosha. Iweke kwenye volti za DC, kiwango cha 20. Waya mwekundu uguse chanya ya betri, mweusi uguse hasi. Gari likiwa limelala usiku mzima, soma hivi:

- Volti 12.6: betri imejaa.
- Volti 12.2: imebaki kama nusu.
- Chini ya 12: chaji imeisha.

Sasa washa injini. Mita ipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12, alteneta haichaji, na hata ukinunua betri mpya itaisha vilevile.

Yangu ilisoma 12.5, na mtu alipopiga stata ikashuka hadi 11 tu. Betri mbovu kwa kawaida hushuka chini ya 9.6 hapo. Kwa hiyo betri ilikuwa nzima. Umeme ulikuwa unapotelea wapi?

Nikaweka waya mmoja wa mita kwenye nguzo ya betri yenyewe, mwingine kwenye kibano cha waya kinachoishika nguzo hiyo. Hivi vimegusana, kwa hiyo jibu liwe karibu na sifuri. Stata ilipopigwa, mita ikasoma zaidi ya volti 2! Hapa ndipo sheria ya Ohm tuliyokariri sekondari inapofanya kazi: volti ni mkondo mara ukinzani. Stata ya gari dogo inavuta takriban ampea 100. Uchafu wenye ukinzani wa omu 0.02 tu unakula 100 × 0.02, yaani volti 2. Omu 0.02 ni ndogo mno kwa mita ya bei rahisi kuipima moja kwa moja, ndiyo maana tunapima volti wakati mkondo unapita. Nikafungua vibano (hasi kwanza, siku zote), nikasugua kwa msasa, nikafunga. Kazi ikaisha.

2. Spana ya toku

Stadi ya tairi, ile bolti inayoingia nati, ni kama springi ngumu sana. Ukikaza nati, stadi inavutika kidogo, na kule kutaka kurudi ndiko kunakobana rimu. Ikivutwa kidogo mno, nati zinalegea barabarani. Ikivutwa kupita kiasi, chuma kinapoteza uwezo wa kurudi, na siku moja kinakatika.

Toyota nyingi ndogo zinataka nyutoni mita 103 kwenye nati za tairi. Kipimo cha gari lako kiko kwenye kitabu chake. Toku ni kani mara urefu wa mkono wa spana. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya wili spana ya sentimita 25 anatoa nyutoni 700 × 0.25, yaani 175. Akichomeka bomba la mita moja, inafika 700! Ndo maana ukipata pancha usiku nati hazifunguki, na ukilazimisha stadi inakatika.

Spana ya toku unaipangia namba, unavuta taratibu, ikifika inabofya "tak". Unaacha hapohapo. Mambo machache ya kuzingatia:

- Usipake oili kwenye thredi za stadi. Karibu asilimia 90 ya nguvu unayotumia inaliwa na msuguano, na ni kama asilimia 10 tu inayovuta stadi. Oili ikipunguza msuguano, namba ileile ya 103 itavuta stadi zaidi ya inavyotakiwa.
- Kaza kwa kuvusha, nati moja kisha ya upande wa pili, ili rimu ikae sawa.
- Rudia kupima baada ya kilomita 80 hadi 100.
- Usiitumie kufungulia nati. Ukimaliza, irudishe namba ya chini kabisa ili springi yake isichoke.

3. Stendi za jeki

Jeki ya haidroliki inatumia kanuni ya Pascal. Pistoni ndogo ya kipenyo cha sentimita 1 inasukuma oili chini ya pistoni kubwa ya sentimita 3. Eneo la pili ni mara 9, kwa hiyo kani nayo ni mara 9, na mpini mrefu unaongeza tena. Ndivyo mkono wako unavyoinua gari.

Ila angalia gari linakaa juu ya nini: oili, iliyozuiwa na mipira ya sili na vali moja ndogo. Sili ikichoka, gari linashuka, na halikupi taarifa. Stendi haina oili. Ni chuma juu ya chuma, na meno au pini ya kuzuia.

Nimeona mafundi wengi wakiweka tofali la saruji badala ya stendi. Tofali linavumilia kugandamizwa, lakini likipata uzito kwenye kona moja linapasuka ghafla. Chuma angalau hupinda kabla ya kukatika.

Kwa hiyo: egesha sehemu tambarare na ngumu, weka kabari kwenye matairi yanayobaki chini, inua kwa jeki, weka stendi mbili chini ya sehemu imara za chesisi, shusha gari likae juu yake. Kisha lisukume kwa mkono kwa nguvu. Likicheza, panga upya. Tairi ulilolivua lilaze chini ya gari kama akiba.

Na kama hela inatosha kifaa kimoja tu? Kama unapanga kuingia chini ya gari, nunua stendi kabla ya kitu kingine chochote. Kama huingii, anza na mita. Yule fundi jirani hadi leo hajanunua ya kwake, kila wiki anagonga mlango kuja kuazima yangu.