Redio Ikisema Wiki Ijayo Kuna Mvua

Leo hatuzungumzii jembe wala dawa ya wadudu. Tunazungumzia ile taarifa ya mvua ya wiki ijayo. Wengi wetu tunaisikia, tunatikisa kichwa, halafu tunakimbilia shambani na mbegu. Sasa katika mikoa kama Dodoma na Singida, ambako mvua ni za msimu mmoja tu, kuwahi kwa wiki mbili kunaweza kumaliza mbegu yote aliyonayo mtu.

Taarifa yenyewe hutoka kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Hao hutoa utabiri wa saa 24, wa siku 10 na wa msimu mzima. Kipo pia kituo cha ICPAC, kilichoko nchini Kenya, ambacho kila wiki hutoa mwelekeo wa mvua kwa nchi 11, kuanzia Sudan mpaka kwetu Tanzania. Ni kazi nzuri, lakini hebu fikiri: ramani ya nchi 11 haiwezi kujua kama shamba lako liko upande huu wa kilima au ule. Ndiyo maana mara nyingi mtasikia maneno "mvua katika maeneo machache". Maana yake ni kwamba kijiji hiki kitanyeshewa, na kile cha jirani kitabaki kuangalia mawingu yanapita. Mtangazaji hakudanganya. Ndivyo mvua za mwanzo wa msimu zilivyo.

Neno linalochanganya watu zaidi ni "juu ya wastani". Mtu akilisikia anadhani ni mvua nyingi. Sivyo. Wastani ni wa mahali pale, kwa majira yale, kutokana na vipimo vya miaka mingi, kwa kawaida 30. Bukoba hupata kama milimita 2,000 kwa mwaka. Dodoma haifiki 600. Mwanzoni mwa Novemba, wastani wa wiki moja pale Dodoma ni milimita chache tu. Basi mvua ikiwa mara mbili ya wastani huo bado ni kidogo, vumbi litatulia na harufu ya ardhi itapanda, lakini mahindi hayataota. Au yataota, na hapo ndipo hasara inapoanza, maana mbegu ikishavimba kisha udongo ukakauka, haina safari ya pili.

Kwa hiyo ukisikia milimita, zigeuze ziwe maji unayoyajua. Milimita moja ni lita moja katika kila mita moja ya mraba. Katika eka moja hizo ni kama lita 4,000, yaani mapipa 20 ya lita 200. Mvua ya milimita 20 ni mapipa 400 katika eka! Wataalamu wengi hutumia kipimo cha namna hii: milimita 20 au zaidi ndani ya siku chache zinazofuatana, bila ukame wa siku 10 au zaidi katika mwezi unaofuata. Sehemu ya kwanza unaweza kuipima mwenyewe. Ile ya pili ndiyo unayoisikilizia redioni. Msisikilize tu kama wiki hii itanyesha, sikilizeni pia kama wiki inayofuata itaendelea.

Kupima si lazima chombo cha dukani. Kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo na kitako sawasawa, linatosha. Liweke mahali peupe, mbali na mti na paa, lifunge kwenye nguzo lisianguke. Kila siku saa tatu asubuhi chovya rula, soma, andika kwenye daftari, mwaga. Kisha chukua jembe uchimbe. Unyevu ukifika kina cha sentimita 15 hivi, na udongo ukiufinyanga unashikana, hiyo ni mvua ya kupandia. Ukiwa juu mbichi, chini unga, ngoja.

Mtauliza: kungoja nako si kupoteza msimu? Ni kweli, msimu wa kati ni mfupi, na Februari mara nyingi huwa na kiangazi cha katikati. Kwa hiyo hatusemi shamba zima lisubiri. Uwele na mtama huvumilia, anzeni navyo. Mahindi, ambayo mbegu yake ni ya fedha nyingi, yakae ghalani mpaka udongo uwe tayari.

Jambo jingine ni vimbunga vya Bahari ya Hindi. Kimbunga kikijikusanya kati ya Msumbiji na Madagaska, kinaweza kuuvuta unyevu uliokuwa unakuja kwetu. Machi 2019 kimbunga Idai kiliipiga Beira, na mvua za masika za mwaka ule zikachelewa sehemu nyingi za Kenya na kaskazini ya Tanzania. Utabiri wa wiki ukibadilika katikati, msikasirike. Sikilizeni ule mpya, msishike wa Jumatatu.

Kwa maoni yetu, taarifa ya wiki inafaa zaidi baada ya kupanda kuliko kabla. Mbolea ya kukuzia ikiwekwa kwenye udongo mkavu inaweza kupotea hewani, na ikiwekwa jioni ya kuamkia mvua kubwa huchukuliwa na maji mpaka kwa jirani. Mvua ya wastani ndiyo siku yake. Dawa nayo ikipuliziwa saa moja kabla ya mvua ni fedha iliyomwagwa. Na ikifika Mei, alizeti ikiwa imeanikwa uwanjani, tangazo la manyunyu ya siku mbili si la kulisikia nusu nusu: kusanyeni jioni ile ile, funikeni kwa turubai, muanike tena jua likitoka.