Ukivuka Kobero, ngoma si ngoma tu

Mfanyabiashara wa Ngara au Kahama anayepitisha mzigo Kabanga, akaingia Kobero na kulala Muyinga, hapati shida kubwa ya lugha. Sokoni Kiswahili kipo. Neno linaloweza kumponza ni lile analodhani analijua: ngoma.

Kwa Mswahili ngoma ni chombo, ni mchezo, ni sherehe yenyewe. Siku hizi hata wimbo mpya wa redioni ni ngoma. Anayeipiga ni mpiga ngoma, basi. Akimaliza harusi hulipwa chake akaenda.

Katika Kirundi, ingoma ni chombo hicho hicho, lakini pia ni ufalme na utawala. Mzee wa Gitega akitaja ingoma ya Mwezi, haongelei dansi. Anaongelea zama za Mwami Mwezi Gisabo, aliyefariki mwaka 1908. Tena Mrundi "hapigi" ngoma. Kitenzi chake ni kuvuza, yaani kuifanya itoe sauti, na mti unaochongwa ngoma huitwa umuvugangoma.

Wenye kazi hiyo ni abatimbo. Nyumbani kwao panapojulikana zaidi ni Gishora, kilomita chache kutoka mjini Gitega, makao aliyoyaanzisha Gisabo baada ya kumshinda mtemi mwasi, Ntibirangwa. Ngoma mbili za pale, Ruciteme na Murimirwa, zina majina kama watu. Kazi ilirithiwa ndani ya ukoo, baba kwa mwana. Ngoma hupangwa nusu duara, idadi yake daima witiri, na ile ya katikati, inkiranya, ndiyo inayoongoza mapigo. Ngoma kuu ya ufalme, Karyenda, ilikuwa na mlinzi mwanamke, Mukakaryenda, ingawa kuvuza kulibaki kwa wanaume.

Ufalme ulifutwa Novemba 1966. Ngoma haikufutwa, ilihamia mikononi mwa dola. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu, na Oktoba 2017 Rais Pierre Nkurunziza akatia saini amri: wanawake wasivuze ngoma hizo, vikundi visajiliwe, na onyesho nje ya shughuli rasmi lipate kibali cha wizara ya utamaduni pamoja na malipo ya faranga 500,000 za Burundi.

Hapo ndipo neno linapogusa mfuko. Mtu wa Kahama anayetaka abatimbo kwenye uzinduzi wa duka lake asidhani ni suala la kupatana bei na vijana na kuwatafutia usafiri. Aulize kibali kwanza, na kanuni zinazotumika wakati huo, kabla ya kutoa kishika uchumba. Wapo waliolalamika kwamba amri hiyo inawabana wanaoishi kwa ngoma, na hoja yao ina uzito: faranga laki tano si pesa ya mchezo kwa kikundi cha mlimani.

Anayekwenda Rwanda naye asibebe kanuni za Gitega. Kule neno ni lile lile, ingoma, lakini huko Huye kikundi cha wanawake watupu, Ingoma Nshya, kimekuwa kikivuza tangu mwaka 2004.