Rangi Haihukumiwi Siku ya Kununuliwa

Programu ya simu ya kuwawezesha wachoraji kupeana maoni kuhusu rangi, brashi na kanvasi ni mradi unaoandikika kwa urahisi, na wengi wanaouandika huishia kwenye michoro ileile. Ukurasa wa kwanza una sehemu ya kutafuta. Ukigusa bidhaa unaona picha yake, bei, nyota tano na maneno ya waliokutangulia. Mtu ananunua, anajaribu, anarudi kutoa nyota. Kwa viatu utaratibu huo unatosha, maana kiatu kibovu hujionyesha ndani ya mwezi. Rangi haina haraka hiyo. Siku kopo linapofunguliwa ndiyo siku inapopendeza kuliko siku nyingine zote, na ndiyo siku ambayo programu inamtaka mchoraji atoe hukumu.

Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kuuona ugumu huu. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia kilichopatikana: rangi ya mafuta yenye kung'aa, ile ya kupaka baiskeli na nyumba, juu ya vipande vya bodi ya ujenzi. Alifariki mwaka 1972. Waliojifunza kwake waliendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika ambacho makao yake yako Oysterbay. Mng'ao tunaoujua katika picha za Tingatinga unatoka kwenye rangi hiyo, ambayo hadi leo hununuliwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Lebo ya kopo la namna hiyo huandikwa kwa ajili ya fundi wa nyumba: eneo litakalofunikwa, saa za kukauka, thina ya kuchanganyia. Mchoraji anayetaka kujua ni unga gani wa rangi umo ndani hapati jibu.

Kwenye rangi za wachoraji zinazotoka nje mambo ni tofauti kidogo. Watengenezaji wazuri huchapa alama za orodha ya kimataifa ya rangi: PB29 ni bluu ya altramarini, PW6 ni nyeupe ya titani, PR83 ni nyekundu ya alizarini, ambayo inajulikana kwa kupauka juani. Alama hizo zinaonyesha kwamba tyubu mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na unga tofauti, na tyubu mbili zenye majina tofauti zikawa kitu kilekile. Programu inayopanga maoni kwa jina la kiwanda na jina la rangi peke yake imeshachanganya mambo kabla ya mtu wa kwanza kuandika neno. Na kwa mchoraji aliyechanga pesa na wenzake wakanunua kopo moja na kugawana kwenye vikopo vya mtindi, hata hilo jina la kiwanda halipo tena mkononi mwake. Mpango ulidhani kuna bidhaa, lakini yeye anachokijua ni ile nyekundu ya duka fulani, iliyonunuliwa mwezi fulani.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Picha nyingi za Tingatinga hununuliwa na wageni, zikasafiri kwenda Ulaya, Japani au Marekani. Zikipauka ukutani kule, aliyezichora hatajua. Picha za bodi au kanvasi zilizopangwa uso kwa uso kabla rangi haijakomaa zinaweza kugandana ndani ya sanduku, na nyeupe ya mafuta iliyofungiwa gizani kwa muda mrefu huelekea kuwa ya manjano, lakini habari hizo zinabaki kwa mnunuzi. Hivyo mtu anaweza kufanya kazi maisha yake yote bila kupata fursa ya kuuona mwisho wa kazi yake. Pengo ambalo programu ingeweza kulijaza ni hili hasa, na nyota za siku ya kwanza haziligusi.

Njia ya kulijaza ni ya zamani. Mwaka 1888, London, wanasayansi Russell na Abney waliwasilisha ripoti kuhusu athari ya mwanga kwa rangi za maji. Walipaka rangi kwenye karatasi, wakaziweka vipande kwenye mirija ya kioo, sehemu moja ikaachwa wazi kwenye jua na sehemu nyingine ikafunikwa, kisha wakasubiri kwa karibu miaka miwili. Baadhi ya rangi zilizokuwa zikipendwa, nyekundu ya kamini ikiwemo, zilishindwa vibaya. Mwaka huohuo, huko Arles, Van Gogh alikuwa akichora chumba chake cha kulala chenye kuta za zambarau. Nyekundu iliyokuwa ndani ya zambarau hiyo ilipauka, na leo watazamaji wanaona kuta za bluu.

Ukilileta jaribio la Russell na Abney kwenye simu, linatatua tatizo ambalo wabunifu wengi hawalioni mpaka wafike kwa watumiaji. Kamera ya simu hurekebisha rangi yenyewe kulingana na mwanga uliopo. Picha ya asubuhi barazani na picha ya usiku chini ya taa haziwezi kulinganishwa, na kila kioo cha simu kina rangi zake. Lakini kipande kimoja chenye nusu iliyofunikwa na nusu iliyokaa juani, kikifunuliwa na kupigwa picha moja, kinalinganishwa ndani ya fremu ileile. Kamera ikikosea, imezikosea nusu zote mbili pamoja. Hahitajiki mtaalamu wa maabara. Inatosha bodi, karatasi nene ya kufunikia, dirisha, na tarehe iliyoandikwa nyuma.

Jaribio hilo linasaidia pia pale ambapo ulimi unashindwa. Mchoraji anayechukua rangi kwa mkopo hawezi kumpa mwenye duka nyota moja hadharani, kisha kesho aende kuomba kopo jingine. Atanyamaza, au atatoa nyota tano za heshima. Ukweli atausema kwenye kundi la WhatsApp, kwa ujumbe wa sauti, kwa watu anaowaamini. Picha ya kipande kilichopauka haimtukani mtu, na inaweza kuwekwa bila hata sentensi moja chini yake. Ningependa programu ipokee vipande hivyo kutoka kwenye makundi yaliyokwishakuwepo, badala ya kuwataka wachoraji wahamie mahali papya penye ukimya, tena kwa bando lao wenyewe.

Yako mambo ambayo jaribio la dirishani halitayaonyesha. Risasi ni mojawapo. Rangi za manjano na nyekundu za mafuta zimetengenezwa kwa madini hayo kwa muda mrefu, na kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 kwa kila milioni. Mtu anayefuta brashi kwa vidole kutwa nzima, watoto wakicheza karibu, anastahili kulijua hilo kuliko kujua kama rangi inafunika vizuri. Hapa maoni ya watumiaji, hata yakiwa elfu, hayasaidii kitu. Panatakiwa kipimo cha maabara, na mradi ulio makini utenge pesa za vipimo kabla ya kutenga pesa za matangazo. Matangazo ya viwanda vya rangi ndani ya programu hiyohiyo nayakataa kabisa.

Linabaki suala la nani atasubiri. Ratiba za miradi huhesabu wiki za kubuni, wiki za kujaribu, siku ya uzinduzi. Kipande cha kwanza chenye jibu la maana huenda kikawa tayari wakati waliokifadhili wameshafunga hesabu. Kumkumbusha mchoraji mmoja mmoja baada ya mwaka hakutoshi, kwa sababu watu hubadili laini, huuza simu, hurudi vijijini kulima. Kipande kiandikishwe kwa jina la kikundi, kikae kwenye dirisha la kikundi, na kikundi kilipwe kidogo kila miezi sita kwa kukifunua, kukipiga picha na kukifunika tena. Malipo hayo yawemo kwenye bajeti tangu ukurasa wa kwanza.