Theluji, Ndege za Kivita na Ukuta wa Sebule

Miongoni mwa picha zinazotafutwa sana na wakusanyaji wa sanaa huko Uingereza na Marekani ni zile za ndege za Vita Kuu ya Pili ya Dunia zikiruka juu ya mashamba yaliyofunikwa na theluji. Tumeona yafaa tuzizungumze katika ukurasa huu wa familia, kwa kuwa picha iliyotundikwa sebuleni huwafunza watoto hata kama hakuna aliyewaeleza neno.

Mchoraji, mfano wa Robert Taylor wa Uingereza, huchora picha moja ya asili kwa rangi za mafuta. Kisha huchapishwa nakala chache zenye idadi maalumu, kila moja ikiwa na namba na saini yake. Nyingi hutiwa pia saini za marubani waliopigana vitani, na hapo ndipo bei hupanda, kwani wenye saini hizo karibu wote wamekwisha kufariki. John Hemingway, rubani wa mwisho kati ya waliopigana angani kuilinda Uingereza mwaka 1940, alifariki Machi 17, 2025 akiwa na umri wa miaka 105.

Majira ya baridi huipamba picha: ardhi nyeupe, jua la chini, ndege inayong'ara. Lakini tuitazame historia yenyewe. Desemba 16, 1944 Wajerumani walishambulia katika misitu ya Ardennes, nchini Ubelgiji, wakati ukungu na mawingu yakiwazuia marubani wa Washirika kuruka. Anga lilipofunguka Desemba 23, mabomu yalianza kumiminika. Januari 1, 1945 Wajerumani nao walivamia viwanja vya ndege vya Ubelgiji, Uholanzi na Ufaransa. Kwa siku ile moja, zaidi ya marubani wao 200 waliuawa, walitoweka au walitekwa. Katika mapigano ya Ardennes, askari wa Marekani wapatao 19,000 walipoteza maisha. Theluji ile iliyo nyeupe pichani ilikuwa kaburi la vijana wengi.

Waislamu nao hawakuwa mbali na ndege hizo. Kikosi namba 152 cha Uingereza, kilichorusha ndege za Spitfire, kilibeba jina la Hyderabad ya India, na nembo yake ilikuwa kilemba cha Nizam, mtawala Mwislamu wa dola hiyo.

Je, yafaa kuitundika picha ya namna hii? Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu picha za viumbe wenye roho. Ama visivyo na roho, kama miti, milima na vyombo, wengi wao wameviruhusu, wakitegemea maelekezo ya Ibn Abbas (r.a.) kwa mchoraji aliyemwendea kutaka fatwa. Hata hivyo, ruhusa hiyo haiondoi mambo matatu ya kuzingatia.

Kwanza ni israfu. Kutumia fedha nyingi kwa karatasi ya ukutani ilhali ada za watoto hazijalipwa na jirani analala na njaa ni jambo litakaloulizwa mbele ya Allah. Pili ni ghushi. Saini huweza kughushiwa, hivyo muuzaji ana wajibu wa kubainisha asili ya nakala yake, na mnunuzi adai uthibitisho. Tatu ni zaka. Picha ya pambo la nyumbani haina zaka. Lakini aliyeinunua kwa nia ya kuiuza, kwa rai ya wanazuoni wengi, ataihesabu kuwa bidhaa ya biashara na kutoa asilimia 2.5 ya thamani yake, mali yake ikifikia nisabu na kupitiwa na mwaka.

Zaidi ya hayo, wazazi tusiwaachie watoto wadhani kuwa vita ni uzuri wa rangi. Mtoto akiistaajabia ndege ile, tumweleze ni nani aliyekuwa ndani yake, ni nani aliyekuwa chini yake, na ni mama wangapi waliosubiri watoto wasiorudi. Akiyafahamu hayo, picha itakuwa imemfunza thamani ya amani.

Wallahu a'lam.