Mshale Unaelekea Wapi? Michoro ya Kupanga Mawazo na Ufahamu wa Kiingereza Sekondari

UTANGULIZI

Mtoto wa Kitanzania aliyesoma katika shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili hukutana na Kiingereza kama somo moja kati ya mengi. Akiingia kidato cha kwanza, mambo hugeuka. Jiografia, Baiolojia, Fizikia na Historia zote huja kwa Kiingereza, na mtihani nao huja kwa lugha hiyohiyo. Mtoto aliyekuwa akinyoosha mkono kila swali likiulizwa, sasa anainamia daftari.

Sisi mafrateri tunaopata nafasi ya kufundisha sekondari wakati wa likizo au katika mwaka wa kichungaji humkuta mwanafunzi huyu mara nyingi. Anasoma kifungu kwa sauti, tena kwa matamshi mazuri. Ukimwuliza kifungu kimesema nini, anakurudishia sentensi ileile ya kitabuni. Ukimwomba aieleze kwa namna nyingine, ananyamaza. Ni rahisi kuhukumu kwamba akili yake ni nzito, na hukumu ya namna hiyo humfuata mtoto hadi kidato cha nne, pengine na maisha yake yote. Lakini mara nyingi si ya haki. Mwanafunzi huyo anaweza kufikiri vizuri kabisa. Kinachomshinda ni kuona namna mawazo yalivyounganishwa ndani ya lugha ambayo bado ni ngeni kwake.

Katika makala hii tunaeleza njia moja isiyo na gharama ya kumsaidia, nayo ni michoro ya kupanga mawazo.

1. MICHORO HII NI NINI?

Ni michoro inayoonyesha uhusiano kati ya mawazo yaliyomo katika maandishi. Visanduku, duara, safu na mishale hubeba kazi ambayo katika kifungu hubebwa na sentensi. Haihitaji kompyuta wala vitabu vipya. Ubao, chaki na ukurasa wa daftari vinatosha.

Wanafunzi wa falsafa hatuwezi kuiita migeni. Katika karne ya 3, Porphyry aliandika utangulizi wa mantiki ya Aristotle, uitwao Isagoge, akaeleza jinsi dhana pana inavyogawanywa hatua kwa hatua hadi kumfikia binadamu. Wafafanuzi waliokuja baadaye waliuweka mgawanyo huo katika mchoro wa mti, na mpaka leo tunauita Mti wa Porphyry. Mwaka 1880 Mwingereza John Venn alieleza namna ya kuonyesha hoja za mantiki kwa duara zinazoingiliana. Katika miaka ya 1970, Joseph Novak wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, pamoja na wenzake, waliendeleza ramani za dhana. Waliufuata mtazamo wa mwanasaikolojia David Ausubel kwamba mtu hujifunza kwa maana pale anapoliunganisha jambo jipya na lile analolijua tayari. Mwaka 2000, jopo la kitaifa la Marekani lililochunguza utafiti kuhusu kusoma liliitaja michoro ya namna hii miongoni mwa mbinu zenye ushahidi wa kukuza ufahamu.

2. KWA NINI MCHORO HUSAIDIA AKILI?

Aristotle, katika kitabu chake kuhusu nafsi, anafundisha kwamba nafsi haifikiri kamwe bila taswira. Mtakatifu Thoma wa Akwino analichukua jambo hili katika Summa Theologiae na kuonyesha kwamba akili ya binadamu, maadamu imeungana na mwili, inahitaji kurejea kwenye taswira ili ielewe. Anatutaka tujichunguze wenyewe: kila mtu akijitahidi kuelewa jambo, hujiundia taswira fulani kama mfano wa kutazama. Na tukitaka kumwelewesha mwenzetu, tunampa mifano.

Sasa mtazame mwanafunzi wetu. Akisoma neno la Kiswahili "korongo" katika habari ya mvua na udongo, picha inakuja yenyewe. Akisoma "gully", picha haiji. Nguvu zake zote zinaishia katika kutafuta maana ya neno mojamoja, na akifika mwisho wa sentensi amekwisha kusahau mwanzo wake. Mchoro humpa mahali pa kuliweka kila wazo analolipata, ili lisimponyoke anapolitafuta linalofuata.

Mantiki inatufundisha pia kwamba akili ina matendo matatu: kushika dhana, kutoa hukumu kwa kuunganisha au kutenganisha dhana, na kujenga hoja. Ufahamu wa kifungu unadai yote matatu. Mazoezi mengi ya darasani huishia kwenye tendo la kwanza, yaani orodha ya maneno magumu na maana zake. Mwanafunzi anakariri maneno ishirini na bado hajui kifungu kinadai nini.

3. MICHORO MINNE NA KAZI ZAKE

Tuchukue mfano wa kifungu cha Jiografia kuhusu mmomonyoko wa udongo wilayani Kondoa, mkoani Dodoma. Habari yenyewe ni ya kweli. Ukataji wa miti, kilimo cha kwenye miteremko na mifugo mingi kupita uwezo wa ardhi viliiacha ardhi wazi, na mvua ikachimba makorongo makubwa. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Baada ya hapo uoto ulianza kurudi.

(a) Safu tatu. Mbinu hii ilielezwa na Donna Ogle mwaka 1986. Kabla ya kusoma, mwanafunzi anagawa ukurasa katika safu tatu: ninachojua, ninachotaka kujua na nilichojifunza. Mtoto wa mfugaji au wa mkulima ana mengi ya kuandika katika safu ya kwanza. Amewahi kuona shamba likibebwa na maji. Anapoanza kusoma anajua kwamba kifungu kinazungumzia jambo analolifahamu, ila kwa lugha nyingine.

(b) Visanduku vinne. Hivi ni kwa ajili ya dhana. Katikati tunaandika neno, kwa mfano "erosion". Kuzunguka neno tunaweka visanduku vya maana, sifa, mfano, na kitu kinachofanana nalo lakini si lenyewe. Kisanduku cha nne ndicho chenye faida kubwa. Wanafunzi wengi huchanganya "erosion" na "weathering". La pili ni kuvunjikavunjika kwa miamba papo hapo ilipo. La kwanza linadai udongo au mawe yachukuliwe na maji, upepo au barafu na kupelekwa kwingine. Mwanafunzi anayeweza kusema kwa nini "weathering" haiingii katika kisanduku cha mfano ameishika dhana.

(c) Mishale ya chanzo na matokeo. Hapa ndipo tunapopenda kukaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo ufahamu wa wengi unapovunjika. Tazama sentensi hizi mbili:

"Overgrazing resulted in deep gullies."
"Deep gullies resulted from overgrazing."

Zote mbili zinasema ufugaji uliopita kiasi ulileta makorongo. Katika ya kwanza chanzo kimetangulia. Katika ya pili kimekuja mwisho. Kilichobadilisha mwelekeo ni vineno viwili vidogo, "in" na "from", ambavyo mwanafunzi huviruka kwa kudhani havina uzito. Kwa hiyo katika sentensi ya pili ataandika kwamba makorongo yalisababisha ufugaji kupita kiasi. Maneno yote ya sentensi anayajua, lakini hoja ameigeuza kichwa chini.

Mwambie achore mshale, na kosa litaonekana papo hapo:

ufugaji kupita kiasi → ardhi wazi → mvua hubeba udongo → makorongo → mavuno hupungua

Kisha darasa lijenge orodha ya maneno yanayousukuma mshale mbele, kama "causes", "leads to", "results in" na "therefore", na yale yanayourudisha nyuma kutafuta chanzo, kama "because", "due to" na "results from". Neno kama "although" lina alama yake: mshale uliokatwa, maana linatangaza kwamba tokeo lililotazamiwa halikutokea. Mwanafunzi akiizoea orodha hii atakutana na maneno hayohayo katika Historia, Baiolojia na hata katika maswali ya mtihani.

(d) Duara mbili zinazoingiliana. Mchoro huu ni wa kulinganisha, nao unafaa hata kwa fasihi. Katika riwaya ya Ferdinand Oyono, The Old Man and the Medal, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1956, mzee Meka ameitoa ardhi yake kwa misioni, na wanawe wawili wamekufa vitani wakiipigania Ufaransa. Anavishwa medali mchana kwa hotuba za urafiki. Usiku wa siku hiyohiyo anakamatwa na kupigwa na watu wa serikali ileile. Duara ya kwanza ibebe yaliyosemwa kwenye sherehe, ya pili yaliyotendeka usiku. Katikati wanafunzi wataandika: mtu yuleyule, serikali ileile, siku ileile. Kutoka hapo ni hatua fupi kufikia dhamira ya mwandishi, nao wameifikia wenyewe bila kuikariri kutoka kwenye madondoo.

4. NAMNA YA KUITUMIA DARASANI

Kwanza, mwalimu achague kifungu kifupi, aya mbili au tatu, kisha asome mwenyewe na kuchora ubaoni huku akifikiri kwa sauti: "Hapa nimeona neno 'due to', kwa hiyo chanzo kinafuata." Pili, wanafunzi wachore wawiliwawili. Tatu, jozi mbili zilinganishe michoro yao. Zikitofautiana, zirudi kwenye kifungu na kuonyesha ni neno gani linalounga mkono mshale wao. Mabishano haya ni somo tosha la mantiki. Nne, kila mmoja afunge kitabu, autazame mchoro wake na kuandika aya moja ya ufupisho kwa Kiingereza.

Swali huulizwa: je, waruhusiwe kuandika Kiswahili ndani ya visanduku? Kwa mtazamo wetu, ndiyo, katika mchoro wa kwanza. Wazo likishapata mahali pake, kulivika Kiingereza ni kazi inayowezekana. Wazo ambalo halijashikwa halina cha kuvikwa. Ila hatua ya nne isirukwe, kwa sababu lengo ni mwanafunzi asome na kuandika Kiingereza.

5. TAHADHARI

Mchoro ulionakiliwa ubaoni haumsaidii mwanafunzi. Unakuwa kitu kingine tu cha kukariri. Faida inapatikana katika kuamua mshale uelekee wapi. Vilevile, umbo lifuate kifungu: duara mbili hazifai kueleza mfuatano wa matukio, wala mishale haifai pale mwandishi anapolinganisha tu. Mwishowe, mchoro ni kama jukwaa la mjenzi. Ukuta ukisimama, jukwaa huondolewa. Siku moja mwanafunzi atasoma na mishale itakuwa kichwani mwake, bila penseli.

HITIMISHO

Mwalimu mwenye wanafunzi wengi na vitabu vichache anaweza kuanza kesho kwa aya moja na mshale mmoja. Mafrateri wenzetu mnaojiandaa kwenda kufundisha, tunawaalika kufanya hivyo. Mwanafunzi aliyenyamaza akipewa chaki na kuulizwa mshale unaelekea wapi, mara nyingi tutagundua kwamba alikuwa akifikiri muda wote. Alikosa tu njia ya kutuonyesha.