Prado ya Zamani Hukaguliwa Alfajiri

Muuguzi mmoja mstaafu alinunua Toyota Land Cruiser Prado ya mwaka 1998 jioni ya Jumamosi. Muuzaji alimpelekea gari hadi mlangoni, injini ikiunguruma, kiyoyozi kikipuliza. Rangi ilikuwa nzuri, viti safi, na gia ya kuvutia magurudumu yote manne iliingia bila kelele. Wiki tatu baadaye, akipandisha Mlima Kitonga kuelekea Iringa, mshale wa joto ulipanda ghafla na mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti. Gari lilipofika gerejini kwangu juu ya lori, aliniuliza, "Mwanangu, nilikosea wapi?" Nilimwambia ukweli: "Mama, vitu ulivyovikagua ulivikagua vizuri. Ulivikagua saa mbaya." Gari lilikuwa limemfikia likiwa limeshapata moto, na injini kuukuu ya dizeli ikishapata moto huficha karibu kila ugonjwa wake.

Prado za umbo lile, ambazo mafundi tunazijua kama J90, zilianza kutoka kiwandani mwaka 1996 na zikaendelea hadi 2002. Nyingi za dizeli zilizotufikia kama mtumba kutoka Japani zimefungwa injini iitwayo 1KZ-TE. Ina silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 2,982, turbo, na pampu ya dizeli inayoongozwa kwa umeme. Hilux Surf nyingi za miaka hiyo zina injini hiyohiyo. Mimi naipenda. Ina nguvu ya kutosha kwa mlima na tope, spea zake zipo, na ikitunzwa hutembea kilomita laki kadhaa bila kufunguliwa. Udhaifu wake mkubwa uko kwenye silinda hedi.

Bloku ya injini hii ni ya chuma cha kusubu, hedi ni ya alumini. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na kati ya vitu hivyo viwili ipo gasketi tu. Ongeza jambo la pili: kwenye hedi, juu ya kila silinda, valvu ya kuingiza hewa na valvu ya kutoa moshi zimekaribiana, na pembeni yake kuna kijichumba ambamo dizeli huanza kuwakia kabla moto haujashuka kwenye pistoni. Nyama ya alumini iliyobaki katikati ni nyembamba, na ndiyo inayobeba joto kali kuliko sehemu nyingine yoyote. Maji yakipungua au yakikosa kuzunguka, hata kwa dakika chache, ufa huanzia hapo. Mwanzoni ni mwembamba kama unywele. Gari litaendelea kuwaka na kutembea mjini miezi mingi, na litauzwa likiwa hivyo.

Kwa hiyo mwambie muuzaji mapema kwamba utafika saa kumi na mbili asubuhi, na kwamba gari lisiwashwe kabla hujafika. Akikataa, jiulize kwa nini. Ukifika, weka kiganja juu ya injini. Iwe baridi kama jiwe la mtoni. Kisha, kabla ya kufungua kitu chochote, minya ule mpira mnene wa juu wa rejeta. Baada ya usiku mzima mpira huo unatakiwa kuwa laini. Ukiukuta mgumu, umejaa hewa, ni gesi ya moto wa silinda iliyopenya kwenye njia za maji jana na haijapata pa kutokea. Kwangu mimi kipimo hiki kina thamani kuliko maneno yote ya dalali, na hakihitaji chombo. Tatizo lake ni kwamba mwenye gari anaweza kufungua mfuniko wa rejeta usiku na kuufunga tena. Ndiyo maana, inapowezekana, naomba gari lizungushwe jioni kwa mwendo wa nguvu, kisha lilale mahali ambapo mnunuzi analiona.

Sasa fungua mfuniko. Kamwe usifanye hivyo injini ikiwa moto, utaungua uso. Maji yawe yamejaa hadi shingoni na yawe na rangi ya kulanti, iwe kijani au nyekundu. Yakiwa ya kutu, au yakiwa maji matupu ya bomba, umeshasoma historia ya gari hilo. Kwa sisi wa pwani kuna balaa la ziada, maji ya kisima yenye chumvi, ambayo hula alumini kutoka ndani. Chomoa na kijiti cha oili. Oili nyeusi kwenye dizeli ni kawaida. Oili iliyogeuka kama chai ya maziwa imechanganyika na maji, na hapo unaweza kuaga na kurudi nyumbani.

Mfuniko wa rejeta ukiwa bado wazi, mwombe mtu apige stata huku wewe ukitazama maji. Mapovu machache ya mwanzo yasikutie hofu. Mapovu yanayoendelea bila kukoma, au maji yanayorushwa nje dereva akikanyaga mafuta, ni pumzi ya silinda inayopita kwenye ufa au kwenye gasketi iliyokatika. Wakati huohuo mwenzako asimame nyuma atazame eksozi. Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, unaokwisha baada ya dakika moja au mbili, mara nyingi ni hita plagi zilizochoka, na hizo ni kazi ndogo. Mweupe unaoendelea hata injini ikishapata joto ni maji. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa: chujio la hewa limeziba, nozeli zimechoka, au turbo haisukumi. Hita plagi mbovu hazijioneshi kwa urahisi Dar es Salaam au Mombasa kwa sababu hewa yenyewe ni ya moto. Gari lililowaka kwa stata moja Kariakoo linaweza kugoma kabisa asubuhi ya Juni kule Makete.

Hapa nataka nikae kidogo kwenye jambo linaloniumiza, kwa sababu wanaolifanya ni wenzangu wa gereji. Gari likichemsha, mafundi wengi hung'oa thamostati na kuitupa. Maelezo ni yaleyale: kifaa hiki ni cha nchi za baridi, huku kwetu hakina kazi. Si kweli. Katika injini nyingi za Toyota za aina hii thamostati ina milango miwili. Mmoja hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na mwingine, injini ikishapata moto, huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupoozwa. Ukiing'oa, njia ya mkato hubaki wazi saa zote. Sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani bila kuiona rejeta. Mjini, bila mzigo, hutaona tofauti. Mlimani, ukiwa na watu saba na mizigo juu, ndipo hedi inapasuka. Na injini isiyofikia joto lake stahiki huunguza dizeli vibaya na kuchafua oili yake. Muulize muuzaji kama thamostati ipo. Akijibu kwa fahari kwamba aliitoa, usimlaumu, lakini hesabu hedi hiyo kuwa mgonjwa hadi ithibitishwe vinginevyo.

Mfuniko wa rejeta nao hudharauliwa kwa sababu ni kitu kidogo. Kazi yake ni kushika mgandamizo ili maji yasichemke mapema. Ufukweni maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 100. Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, huchemka karibu na nyuzi 95. Mfuniko mzima, ukisaidiana na kulanti, hupandisha kiwango hicho cha kuchemka hadi karibu nyuzi 120. Mpira wake ukichakaa, faida hiyo yote inapotea pale pale unapoihitaji, juu ya mlima. Usitegemee mshale wa joto ukuonye mapema, maana katika Toyota nyingi za enzi hizo mshale hukaa katikati hata joto likiwa limepanda kiasi. Mshale ukianza kusogea, simama papo hapo.

Mengine ni ya haraka. Mkanda wa taimingi ukikatika, valvu hugongana na pistoni na injini inanoki. Kwenye dashibodi kuna taa ya kukumbusha kuubadilisha, lakini taa hiyo inaweza kuzimwa bila mkanda kubadilishwa, kwa hiyo kama hakuna ushahidi, panga kuubadilisha wiki hiyohiyo. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiunguruma. Moshi mwepesi ni kawaida, ukitoka kwa kishindo ujue ringi zimekwisha. Tazama pia maungio ya hedi: silikoni mpya iliyofurika pembeni na boliti zenye alama za spana zinasema imeshafunguliwa. Si dhambi, ila uulize ilifunguliwa kwa nini na iliwekwa hedi mpya au ileile iliyochomelewa. Hedi ya kuchomelewa siiamini.

Kuna ugonjwa mmoja unaojitokeza kwenye joto, kinyume cha yote niliyosema, nao ni wa pampu ya dizeli. Endesha saa nzima, zima, subiri dakika kumi na tano, kisha piga stata. Gari lililowaka vizuri alfajiri likisumbua sasa, pampu imelika: dizeli ikiwa moto huwa nyepesi, inavuja ndani ya pampu na mgandamizo haufiki. Pampu hii hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli. Uchanganyaji wa mafuta ya taa uliua pampu nyingi Tanzania hadi kodi ya mafuta hayo ilipopandishwa mwaka 2011 ili kuondoa faida ya uchakachuaji.

Ukikutana na J90 ya kuanzia mwaka 2000 yenye injini ya 1KD-FTV, jua ni kitu kingine kabisa. Huko kagua nozeli: washa zake za shaba zikivuja, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio lililo ndani ya sampu, na injini hufa kwa kukosa oili. Na ukiwa na fedha zaidi na hujali mwendo wa polepole, Land Cruiser yenye 1HZ ya silinda sita, isiyo na turbo wala kompyuta, na yenye hedi ya chuma, husamehe makosa mengi. Kwa gari lolote kati ya hayo, linganisha namba ya injini na ile iliyoandikwa kwenye kadi.

Ukigundua hedi imepasuka, si lazima uondoke. Kama bodi, chesesi na gia ni nzima, piga hesabu ya hedi mpya, gasketi, mkanda, thamostati, rejeta iliyosafishwa na kazi ya fundi, uitoe yote kwenye bei, na umweleze muuzaji kwa heshima unachokiona. Gari la mama yule lilifanyiwa hivyo hivyo, ila gharama aliibeba yeye. Amepita Kitonga mara nne tangu hapo, na bado kila asubuhi, kabla ya kuliwasha, anafungua boneti na kuminya mpira.